Hewa Jichoni

Ilianza na nzi. Niko zamu ya usiku ghalani, hapa Birmingham, napunga mkono kufukuza kidudu cheusi ambacho nikitazama kushoto nacho kinakimbilia kushoto. Nikafuta miwani mara tatu. Siku ya pili zikaja cheche pembeni mwa jicho, kama mtu anapiga picha gizani. Siku ya nne pazia jeusi likaanza kupanda kutoka chini, upande wa pua.

Siku nne! Zamu za wikiendi zinalipa vizuri, sitawadanganya.

Dada wa duka la miwani alinitia matone, akachungulia, akaacha kutabasamu. "Nenda hospitali sasa hivi." Kumbe retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ulikuwa umechanika na unabanduka kama plasta ya nyumba za Tanga iliyonyonya chumvi. Sisi wa miwani minene ya kuonea mbali tuko hatarini zaidi, maana jicho letu limerefuka. Kitovu cha retina, pale tunaposomea, kilikuwa bado kimeshika. Kingebanduka nacho, hata baada ya upasuaji huenda nisingeona kama zamani.

Nilipasuliwa niko macho, jicho tu limetiwa ganzi. Wakaunyonya ule ute unaojaza jicho, wakaunguza kandokando ya mchaniko kwa leza, kisha wakajaza gesi iubane utando ukutani mpaka ushike. Nikavalishwa bangili ya plastiki yenye onyo: huyu ana gesi jichoni, asipande ndege.

Kasheshe ikawa hapo. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa wiki mbili mbele, na gesi yangu ni ya kukaa hadi wiki nane. Ndege ikipaa, shinikizo la hewa ndani hupungua, gesi hutanuka, jicho linaweza kupofuka kabla hujafika Dar. Kamweleze mama hayo kwa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hewa gani hiyo inayomzuia mtu kupanda ndege, na ndege yenyewe iko hewani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa kifudifudi, dakika hamsini za kila saa, siku tano, simu iko sakafuni. Msomali ninayeishi naye alikuwa ananiletea chai na mrija.

Harusi niliitazama kwenye simu kwa jicho moja. Lile jingine lilikuwa na mstari wa maji kama pimamaji ya fundi, unacheza nikitikisa kichwa. Gesi imeelea juu, lakini mimi naiona chini, kwa kuwa picha huingia jichoni kichwa chini miguu juu. Kila siku mstari ulishuka kidogo, mwishoni kikabaki kipovu, kikapotea.

Kule kulala kifudifudi kulinikumbusha jambo. Mama ana sukari mwaka wa kumi na mbili huu, na sukari hutoboa mishipa midogo ya retina kimyakimya, bila maumivu. Nikamuuliza lini alichunguzwa macho. "Mimi naona vizuri, mgonjwa ni wewe." Tulibishana mwezi mzima. Nauli ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, nilituma mara mbili. Ya kwanza ilinunua mabati.

Juzi akapiga mwenyewe. "Wamenitia hayo matone yako. Jua linanichoma, niko chini ya mwembe nimejifunika kanga usoni. Wameona vidoa vya damu, wanataka nirudi wanipige leza. Haya, tuma nauli."