Umeliangalia Kwenye Mwanga?

Jana jioni nilikuwa uani nikipunguza machipukizi ya nyanya zangu za kwenye ndoo, nikaingia ndani na vidole vya kijani. Ile harufu haitoki kwa sabuni ya mche. Binti yangu akaninusa mkono: "Baba, mbona unanuka kama kwa babu?"

Kwa babu ni Ngarenanyuki, Meru huku, Kilimanjaro kule, na mfereji katikati. Mwaka 2014 mzee alikuwa na nusu eka ya nyanya, na majani yakaanza kutoa madoa. Akanipigia simu. Nilikuwa chuoni nasomea uhasibu, lakini kwetu aliyesoma amesoma, na mimi sikumkatalia. "Huo ni ukungu, baba. Baridi imezidi." Nililisema hilo nikiwa kitandani. Akanunua dawa ya ukungu, akapiga bomba. Akanunua tena. Mara ya tatu alikopa.

Nilipofika likizo, mama mdogo hakuniuliza hata habari za safari. Alichuma jani moja, akanipa. "Liinue juani, mwanangu."

Nikaliinua. Mahali pa doa, jani lilikuwa kama karatasi ya nailoni: ngozi ya juu ipo, ya chini ipo, nyama ya katikati imeliwa yote. Na humo katikati kulikuwa na mtu. Kiwavi mdogo kuliko punje ya mchele, kijani kilichopauka, na ukanda mweusi nyuma ya kichwa kama kola ya shati. Anakula. Kichwa kinakwenda kushoto, kulia, kushoto, kama fundi anayepiga randa, na kona ya chumba chake amerundika kinyesi cheusi. Inzi wa majani tulimzoea, yule huchora kamstari kembamba kanakojipinda. Huyu alikuwa amefungua sebule. Nilitaka kumgusa, kidole kikaishia kwenye ngozi ya jani.

"Ndio ukungu wako huo?" mama mdogo akauliza.

Alipoutikisa mche, vinondo vya kijivu viliruka kutoka chini ya majani, urefu wake nusu ya ukucha wa kidole changu cha mwisho, vikatua mche wa pili.

Vinondo hivyo ndio wazazi wa kiwavi yule. Jina kubwa la mdudu huyo, la kitaalamu, Tuta absoluta, nililipata baadaye. Kwao ni Amerika ya Kusini. Uhispania aliingia 2006, na kwetu ndiyo kwanza alikuwa amefika mwaka ule. Wakulima wakamwita kantangaze, na kweli alitangazika. Dawa ya ukungu haiui mdudu, na hata ya wadudu ikibaki juu ya jani inamkuta amejifungia ndani. Mavuno yalikuwa matenga mawili, na nyanya zenyewe zina matundu karibu na kikonyo.

Mzee hakunilaumu. Hata siku moja. Ila tangu hapo kila nikimshauri jambo, iwe ng'ombe, iwe mkopo, iwe dawa yake ya presha, ananyamaza kidogo halafu anauliza, "Umeliangalia kwenye mwanga?" Miaka yote hii sijajua kama ananitania.

Binti alikuwa bado ameshika mkono wangu, anangoja jibu. Nikamwambia nyanya zote zinanuka hivyo, nikaenda kutafuta limau.