Vocha ya kumpigia mgonjwa inatoka lini?

Mradi wa UKIMWI ukilegea watu wanataja dawa kuisha, uoga wa kupima, unyanyapaa. Sawa, vyote vipo. Ila mimi niliyezunguka na hii miradi huku Nyanda za Juu Kusini naona kinachoangusha mara nyingi ni mambo ya ofisini, yaani mpango kazi, mkataba, bajeti, nani anasaini nini na lini. Hayana mvuto ndo maana kwenye vikao tunayapita haraka tuwahi chai.

Chukua kalenda tu. Mwaka wa serikali yetu unaanza tarehe 1 Julai, mwaka wa PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, unaanza tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo halmashauri inapanga kivyake na mradi unaowalipa baadhi ya watu wa CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) unapanga kivyake. Septemba kila mtu anakimbizana kufunga mwaka, risiti, ripoti, semina za kumalizia hela. Halafu Oktoba inaingia kimyaaa, mkataba mpya uko mezani kwa mtu, hela haijashuka, na wewe unaambiwa "endeleeni na kazi wakati tunasubiri". Kuendelea na nini sasa?

Anayeumia ni mama mmoja pale kituoni, mhudumu ngazi ya jamii, kazi yake ni kuwatafuta walioacha kuja kliniki. Asubuhi anafungua daftari la miadi, anaangalia nani alitakiwa kuja wiki iliyopita hajaonekana, anaandika pembeni majina na namba mbili, ya mgonjwa na ya msaidizi wake wa matibabu. Anapiga. Namba ya kwanza haipatikani, ya pili inapokelewa na mtu anayesema huyo ndugu kaenda Makambako kwenye mbao, hajui atarudi lini. Hapo inabidi ampate kwa boda, na boda kwenye ile milima mvua ikinyesha siyo bei ya kitoto. Sasa kama vocha haijatoka na nauli haijatoka anafanyaje? Anatoa mfukoni mwake mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu anafunga daftari anasubiri, na mimi siwezi kumlaumu hata kidogo.

Na huku saa inatembea. Kwa hesabu za PEPFAR mtu akipitisha siku 28 tangu tarehe yake ya miadi bila kuchukua dawa anahesabiwa amekatisha matibabu. Zamani zilikuwa 90. Nikiulizwa, hayo ndo yalikuwa mabadiliko mazuri kuliko yote niliyoyaona, maana siku 90 zilikuwa zinaruhusu kituo kulala, mtu anakaa karibu miezi mitatu bila dawa na kwenye ripoti bado ni mgonjwa wenu hai kabisa. Shida ni kwamba walibadilisha siku, kifungu cha nauli kikabaki vile vile! Unamtaka mtu akimbie mara tatu zaidi kwa mafuta yale yale.

Halafu kuna tageti za upimaji, hapa ndo naboekaga zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha watu wazima wenye VVU wanaojua hali zao ni asilimia 82.7, na kati ya hao waliokuwa kwenye dawa ni asilimia 97.9. Kwa hiyo tundu kubwa liko kwenye kupima, na mabosi wakakaza hapo hapo, kila jioni kwenye grupu la WhatsApp "leteni namba za leo, wapya wangapi". Wazo ni zuri jamani, ila ukimdai mtu namba kila siku atakuletea namba. Atapima waliopo karibu, na atampokea mtu aliyehama kimya kimya kutoka kituo kingine, hajabeba kadi yake wala barua ya uhamisho, ataandikwa mpya. Huku mpya, kule alikotoka amepotea na yule mama wa daftari anamtafuta kwa boda. Mtu mmoja, ripoti mbili, na kwenye moja wanapiga makofi.

Siyo kila kitu kibovu. Kumpa mgonjwa ambaye hali yake imetulia dawa za miezi 6 ni uamuzi wa kimpango tu lakini umepunguza foleni na nauli za watu kweli kweli, alimradi kituo kiwe kimeagiza dawa za kutosha na kwa wakati kule MSD, yaani Bohari ya Dawa.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ndo ikaonekana nani alikuwa ameshikilia nini. Unaweza kuwa na dawa stoo, ila anayeingiza data, anayesafirisha sampuli za wingi wa virusi, anayepiga simu, wote wako kwenye mkataba wa mradi, wakiambiwa wakae nyumbani hakuna barua ya makabidhiano, hakuna aliyeandikwa kushika kazi zao. Mpango wa kukabidhi upo kwenye kila andiko la mradi niliyowahi kushika, huwa ni ukurasa wa mwisho mwisho, na mara nyingi umenakiliwa kutoka andiko la mradi uliopita, mpaka jina la wilaya wamesahau kubadilisha.

Nasikia kuna halmashauri zimeanza kuweka nauli na vocha za ufuatiliaji kwenye mapato ya ndani. Kama yako ni mojawapo niambie mnaiweka kifungu gani, na mweka hazina mlimpitishaje, maana wa huku kwetu anasema hiyo ni kazi ya wafadhili.