Nilivyopanda fragata Sarmiento pale Buenos Aires

Mimi nikifika mji wenye bandari lazima nitafute meli, ndo ugonjwa wangu. Buenos Aires nikashuka stesheni ya Plaza de Mayo, nikaipita Casa Rosada, ikulu yao ile ya pinki, nikatembea mpaka Puerto Madero ambako maghala ya matofali mekundu siku hizi ni migahawa ya nyama choma ya bei ya kutisha, na hapo dokini, karibu na daraja jeupe la Puente de la Mujer, ndo imefungwa fragata Presidente Sarmiento, manowari ya zamani ya matanga.

Sasa ukisikia manowari unategemea stori za mizinga. Sahau. Hii iliundwa Birkenhead, Uingereza, ikashushwa majini 1897, na kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha vijana wanaosomea uofisa wa jeshi la majini. Januari 1899 ikaondoka kuzunguka dunia ikarudi Septemba 1900. Ikaendelea na safari za mafunzo mpaka 1938, jumla safari 37, halafu 1961 ikastaafu kabisa ikawa makumbusho.

Ina milingoti mitatu na injini ya mvuke pia, mwili wa chuma ila nje wakauvika mbao za mtiki na juu yake shaba, maana mbao tupu wadudu wa baharini wanazila. Nilichungulia kule kwa mainjini nikawaza watia makaa wakivuka ikweta, jamani, huku maofisa juu wanakula kwenye meza ya kung'aa! Na kuna mbwa. Mbwa kweli, anaitwa Lampazo, alikuwa kipenzi cha mabaharia, alipokufa wakamkausha wakamuweka humohumo melini anaangalia wageni.

Mzee mmoja wa pale kusikia natoka Afrika akacheka, "Ghana!" Nikabaki namtolea macho, kumbe anaongelea Libertad, fragata iliyorithi kazi ya Sarmiento, ile iliyoweka rekodi 1966 ya kuvuka Atlantiki ya Kaskazini kwa matanga. Oktoba 2012 ilitia nanga Tema, bandari ya Ghana, na wanafunzi wake, mahakama ya Ghana ikaizuia, kisa mfuko mmoja wa wawekezaji, NML Capital, unaidai Argentina hela za bondi za tangu nchi ilivyoshindwa kulipa madeni 2001. Yani deni la serikali unaenda kukamata meli ya wanafunzi! Wengi wakarudishwa kwao kwa ndege, wakabaki wachache kuilinda, na Novemba watu wa bandari walivyotaka kuihamisha gati mabaharia wakatoa silaha.

Argentina ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg, na hoja iliyowaokoa ni kwamba ile ni manowari, ina kinga, yani haikamatwi, hata kama haipigani na mtu. Tarehe 15 Desemba ikaamriwa iachiwe, Januari 2013 ikaingia Mar del Plata kwao Argentina, rais wa wakati ule Cristina Fernández mwenyewe kaja kuipokea.