GB nne

Mama alinikabidhi flashi ikiwa imefungwa kwenye pindo la leso, kama alivyokuwa akitufungia nauli ya shule. GB 32, kainunua mwenyewe Mbagala Rangi Tatu, na muuzaji kamhakikishia kwamba "inaingia kila kitu". Alitaka nimtilie sendofu ya mdogo wangu, yote, aitazame sebuleni kwake huku anachambua mchele.

Faili la sendofu lilikuwa na GB 6. Flashi ikakataa.

"Mwanangu," akaniuliza, "sita na thelathini na mbili, ipi kubwa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Jibu lenyewe linaanzia kwenye kamera, ngoja nianze huko.

Mimi ni muuza dawa. Duka liko Tabata, nafunga saa tatu usiku, na mambo ya video ni ya baada ya hapo. Kamera yangu ni Canon 700D ya mtumba, niliipata Kariakoo kwa mtu aliyeniapia kwamba haijapiga hata harusi tatu. Ilikuja imewekwa NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, fremu 30 kwa sekunde. Sikujali, mpaka nilipoijaribu chini ya taa za bomba za dukani nikaona mistari ya giza inapanda ukutani kwenye makopo ya maziwa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za namna ile hupepesa mara 100 kila sekunde bila macho yetu kuona. Kamera inayofunguka kwa 1/60 ya sekunde inaupata mwanga huo nusunusu, fremu hii zaidi, fremu ile pungufu. Nikaingia kwenye menyu, nikaweka PAL, mfumo wa kwetu, fremu 25, na shata, yaani muda wa kamera kufunguka, 1/50, mistari ikaondoka. Ukishairekodi na kasoro hiyo, kuiondoa kwenye kompyuta ni mateso, kwa hiyo jaribu kamera yako nyumbani kabla hujaenda nayo ukumbini. Ukumbi wetu wa Sinza ulikuwa na taa za kila rangi na picha zilitoka safi.

Sasa hiyo GB 4. Kamera hii ikirekodi kwa 1080p inakula MB 330 hivi kwa dakika. Kadi ya GB 32 inakwenda saa moja na nusu, nami nilibeba mbili. Ila haiandiki faili moja refu. Kila likikaribia GB 4, yaani baada ya dakika 12 hivi, inalifunga na kufungua jingine, kimyakimya, huku wewe unaona taa nyekundu inaendelea kuwaka. Nasaha za mama kwa mdogo wangu zilichukua dakika 19 (mshereheshaji alishamwonyesha saa mara mbili, mama akamwonyesha kiganja). Zikawa MVI_0041 na MVI_0042. Na kikato kiliangukia katikati ya neno. Faili la kwanza linaishia "ukifika kwa mumeo usi", la pili linaanza na "sahau kwenu".

Jumapili nilimwachia mpwa wangu wa kidato cha pili kazi ya kukopi, nikaenda dukani. Akaona picha ndogo mbili za bibi yake, maiki ileile, gauni lilelile, akaamini ni kitu kimoja kimejirudia. Akafuta kimoja. Na kwa kuwa ni kijana msafi, akamwaga na pipa la taka la kompyuta.

"Mama mdogo, nilikuwa nakuongezea nafasi."

Sikumgombeza sana kwa sababu kadi zote mbili zilikuwa kwenye droo ya dukani, kando ya dawa za kikohozi, hazijaguswa. Huo ndio utaratibu wangu tangu nilipopoteza ubatizo wa mtoto wa jirani, habari ambayo sitaisimulia hapa. Nakopi folda ya DCIM, ile ambamo kamera huweka video, nzima kama ilivyo, sichagui klipu nzuri na mbaya wakati wa kukopi, maana saa hizo nimechoka na jicho linadanganya. Nakopi kwenye kompyuta, kisha kwenye diski ya nje, halafu nalinganisha idadi ya mafaili na jumla ya baiti. Zikilingana, na nikishafungua klipu mbili tatu nikaona zinacheza mpaka mwisho, ndipo kadi inarudi kwenye kamera na kufutwa hukohuko kwenye kamera.

Wenye kamera ndogo za mkononi zinazorekodi kwa AVCHD wana mtihani wa ziada. Video zao zimejificha kwenye folda ndani ya folda: PRIVATE, AVCHD, BDMV, STREAM. Watu huchomoa yale mafaili ya MTS peke yake na kuacha mengine wakidhani ni takataka. Mengine hayo ndiyo yanayoeleza kipande kipi kinafuata kipi. Chukua folda yote.

Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba pia, Core i5 yenye RAM ya GB 8, feni yake inalia kama cherehani. Natumia Kdenlive, programu ya bure ya kukata na kuunga video inayotengenezwa na watu wa kujitolea, ilianza mwaka 2002. Siku ya kwanza nilipoburuta klipu za sendofu, picha ilikuwa inakwama kila nikisogeza mshale, nikadhani kompyuta imefika mwisho wa maisha yake. Kumbe tatizo ni jinsi video inavyobanwa. Kamera hii hubana kwa H.264, na katika mtindo huo fremu nyingi hazina picha kamili, zinabeba tu tofauti kati yake na fremu iliyotangulia. Ukiomba kuona fremu moja iliyo katikati, kompyuta inalazimika kurudi nyuma mpaka ilipo picha kamili, kisha ihesabu kuja mbele. Kutazama moja kwa moja inamudu. Kurukaruka huku na huku, kama mtu anayekata anavyofanya, kunaiua.

Dawa yake ni proksi. Unaiambia programu itengeneze nakala nyepesi za klipu zote, unalala, asubuhi unakata kwenye nakala hizo kwa raha zako. Mwisho wa kazi programu inarudi yenyewe kwenye mafaili ya asili. Usihamishe tu folda ya asili wala kubadilisha majina, maana utakuta kila kitu kinakwambia hakipo.

Sauti ya kamera ilikuwa ya kusikitisha: feni za ukumbini, watoto, na mama mmoja wa meza ya jirani akilalamika kuhusu pilau. Lakini nilikuwa nimeiacha simu yangu ya zamani karibu na spika ikirekodi sauti tupu, na nikapiga kofi moja kubwa mbele ya kamera kabla shughuli haijaanza. Programu inaweza kulinganisha mawimbi ya sauti mbili na kuzipanga yenyewe. Ilipokosea, kofi lile lilinionyesha pa kuanzia. Baada ya dakika 40 hivi midomo ya watu ikaanza kuachana na maneno, kwa sababu saa ya simu na saa ya kamera haziendi sawasawa kabisa. Pale palipokuwa na ukimya nikaikata sauti na kuisogeza kidogo. Nilifanya hivyo mara tatu sherehe nzima.

Kukata kwenyewe, kwa kweli, ni siasa. Foleni ya zawadi ilikuwa dakika 50. Nikaishusha hadi 9. Mama alipoona nilichofanya alisema, "Hao wenye mabeseni fanya utakavyo, ila usinikatie mtu aliyeleta friji." Kwa hiyo kila aliyeleta kitu chenye waya wa umeme yumo, kuanzia friji mpaka pasi, na foleni ikarudi kuwa dakika 21. Kazi nzima ikawa saa moja na dakika 40.

Nikaiweka kurenda, yaani kompyuta iandike video nzima kuwa faili moja, saa nne usiku: MP4, H.264, fremu 25, megabiti 8 kwa sekunde, kiwango kizuri kwa 1080p. Saa nane na kitu nikaamshwa na ukimya. Feni zote mbili zimesimama, ya dari na ya kompyuta. LUKU imeisha, na kosa ni langu, mashine ilishalia tangu jioni nikasema itafika asubuhi. Nikanunua uniti kwa simu, nikabonyeza zile tarakimu 20 kwa mwanga wa tochi, nikawasha kompyuta. Kazi ilikuwa imefika asilimia 83. Faili lipo, lina GB 5, halifunguki kwa programu yoyote. Katika MP4 ile orodha inayosema kila fremu iko wapi huandikwa mwishoni kabisa, na mwishoni hatukufika. Ukiwa na wasiwasi na umeme, toa kwanza kwa MKV, aina nyingine ya faili la video, ambayo ikikatika unaokoa angalau ulichofikia. Mimi nilianza upya, usiku uliofuata, nikiwa na uniti 30.

Ndipo ikaja flashi ya mama. Flashi nyingi za ukubwa huo zinauzwa zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, uliokuja na toleo la baadaye la Windows 95 mwaka 1996. Katika mfumo huo, ukubwa wa kila faili unaandikwa kwenye nafasi ya biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 4,294,967,295. Nilimweleza mama hivi: ni fomu yenye visanduku vya tarakimu. Hata mfuko wako ukiwa na nafasi ya magunia mia, karani hawezi kulipokea gunia ambalo uzito wake hauenei kwenye visanduku. Kamera ilijua hilo, ndiyo maana ikamkata katikati ya "usisahau".

"Basi badilisha fomu," akasema.

Nikabadilisha. Nikaipanga flashi upya kwa exFAT, mfumo mpya zaidi wenye visanduku vingi, faili likaingia, tukaipeleka kwenye TV yake, TV ikajifanya haijachomekwa kitu. Ni ya siku nyingi. Kwa sababu hiyohiyo sikuthubutu H.265, inayobana zaidi lakini ni ya mwaka 2013. Nikampendekezea mafaili mawili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili.

"Sitaki sehemu ya pili. Hii si tamthilia."

Ikabaki hesabu. Saa moja na dakika 40 ni sekunde 6,000. Megabiti 8 kwa sekunde, ukigawanya kwa 8 upate baiti, ni MB 6,000, ndiyo zile GB 6. Nikishusha hadi 5, pamoja na sauti, napata MB 3,750, inaingia kwenye visanduku. Nilichoogopa ni magauni. Kina mama walivaa vitambaa vya kumetameta, na wakicheza chini ya taa, video isiyopewa uzito wa kutosha inageuka vigae vya bafuni. Kwa hiyo nikarenda kwa mizunguko miwili: wa kwanza kompyuta inapita kuchunguza wapi kuna purukushani na wapi watu wamekaa, wa pili inaandika, ikipunguza kwenye hotuba na kuongeza kwenye dansi. Muda uliongezeka karibu mara mbili. Magauni yakapona, isipokuwa sekunde chache za keki pale fataki za mezani zilipowashwa.

Shangazi wa Tanga alitaka yake kwa WhatsApp. Yeye anatumia bando la siku, nikamtolea dakika 3 kwa megabiti 1.5, MB 34 hivi, nyingi zikiwa za yeye mwenyewe kuingia ukumbini.

Mama ameshaitazama mara nne, na "usisahau kwenu" inapita nzima, huwezi kujua palipounganishwa. Juzi kanipigia niende. Nimekuta leso ileile, safari hii imejaa. Kikundi chake cha VICOBA kina wanawake kumi na wawili na kila mmoja kaleta flashi yake. Nimezipanga mezani nikizisoma maandishi. Tatu ni za GB 2.