Kumbukumbu ya mradi: orodha za kuchagua kwa daftari za diko

Wiki ya kwanza

Ami yangu alikuwa bwana diko, mwenye kuandika mavuno pale wavuvi wanaposhusha samaki, huku Wete, Pemba, kwa miaka mingi. Takwimu za kazi alizipeleka alikotakiwa kuzipeleka, lakini kila jioni alinakili pia kwenye daftari lake mwenyewe: chombo gani kimeingia, kimevua kwa zana gani, samaki gani, kiasi gani. Daftari 11 zimebaki kwenye sanduku la mbao chumbani kwake, na mbili zimeshaanza kuliwa na mchwa. Nimemwomba anikabidhi nizitie kwenye kompyuta kabla hazijatuponyoka.

Nilianza na LibreOffice Calc, programu ya lahajedwali, mimi na mpwa wangu tukipokezana, mmoja anasoma, mwingine anachapa. Daftari la kwanza likaisha kwa siku nne. Nilipotaka jumla ya samaki aitwaye tasi, wakanijia tasi wa aina tatu: "tasi", "tasi" yenye nafasi nyuma yake isiyoonekana kwa jicho, na "tas" ya mkono uliochoka. Nikakaa nikasahihisha. Kesho yake tukazalisha wengine. Kusahihisha hakutoshi, jina la samaki lisichapwe kabisa, lichaguliwe kwenye orodha.

Wiki ya pili

Nimehamia LibreOffice Base, programu ya hifadhidata. Jedwali moja ni la samaki, lina Namba na Jina tu. Jedwali kubwa, nililoliita Mavuno, haliandiki jina la samaki bali namba yake. Mpwa wangu aliuliza faida ya kuzunguka hivyo. Nikamwonesha: tukigundua leo kuwa tumeliandika jina vibaya, tunalirekebisha mahali pamoja, na mistari yote ya daftari zote inabadilika papo hapo.

Kwenye fomu ya kuingizia nikaweka kisanduku cha orodha, kinachovuta majina kutoka jedwali la samaki kwa amri hii:

SELECT "Jina", "Namba" FROM "Samaki" ORDER BY "Jina"

Mpangilio wa safu hizo mbili umenipotezea usiku mzima. Safu ya kwanza ndiyo inayooneshwa kwa mtu anayechagua. Mara ya kwanza niliitanguliza Namba, orodha ikafunguka ikiwa imejaa 1, 2, 3. Halafu kuna sehemu ya kusema safu ipi ihifadhiwe, na Base huhesabu kuanzia 0, kwa hiyo safu ya pili ni 1. Jina mbele, namba nyuma, weka 1, basi. Nimeandika kwa kalamu ndani ya jalada la daftari langu nisisahau tena.

Jambo jingine: ukiongeza samaki mpya kwenye jedwali huku fomu iko wazi, orodha haimjui mpaka uisome upya kwa kitufe cha kuburudisha au ufunge fomu na kuifungua. Tulidhani tumeharibu kitu, kumbe orodha husomwa mara moja tu, fomu inapofunguka.

Jumapili, ami amekuja kukaa nasi

Nilikuwa nimepanga samaki wangu vizuri: changu, tasi, pono, chewa, mkundaji, kolekole, nguru, jodari, vibua, mzia, pweza, ngisi, taa, papa. Nikajiona nimemaliza. Ami akavaa miwani, akasoma orodha yote pole pole, akauliza, "Changu gani huyu?"

Daftarini mwake kuna "changu", kuna "changu doa", mwenye doa jeusi ubavuni, na kuna "changu njana". Mimi nilikuwa nimewakusanya wote chini ya jina moja ili orodha iwe fupi. Nikamwambia basi, nitaondoa "changu" tupu nibakishe majina kamili, ili anayeingiza alazimike kuchagua. Akakataa.

"Mwanangu, siku niliyoandika changu tu, ujue hiyo ndiyo niliyoiona. Mtungo wa samaki umefungwa, watu wananadi, mimi nimesimama nyuma. Ukiniwekea doa pale, umenisemesha nisichokisema."

Nimelifikiria neno hilo siku mbili nzima. Orodha nilikuwa naiona kama chujio la makosa, na kweli inachuja makosa. Lakini orodha mbaya inaweza kuzalisha kosa jipya, tena safi, lisiloonekana, kwa sababu limechaguliwa kutoka majina halali. Yule "tas" nilimtambua mara moja. "Changu doa" wa uongo nisingemtambua maisha.

Kwa hiyo jedwali la samaki sasa lina safu ya tatu, Kundi. "Changu", "changu doa" na "changu njana" ni mistari mitatu tofauti, yote kundi lake ni changu. Anayeingiza anachagua kilekile kilichoandikwa. Anayetaka jumla anahesabu kwa kundi.

Siku hiyohiyo tukapata dawa ya nafasi tupu. Palipokuwa hapana kitu tulikuwa tunaacha wazi, na uwazi huo ulibeba mambo matatu yasiyofanana. Sasa orodha ya mahali pa kuvulia ina "Hakusema", kwa mvuvi aliyeficha mwamba wake (nao ni wengi, na wana haki yao), ina "Halikuandikwa", kwa siku ambayo ami hakujaza, na ina "Haisomeki", kwa palipoliwa na mchwa au wino uliochujuka.

Wiki ya nne

Mahali penyewe pamenisumbua kuliko samaki. Fundo, Njao, Kokota, Uvinje na Misali ni visiwa, hivyo vinaorodheshwa. Lakini miamba na mikondo kila mvuvi anaiita kwa jina lake. Hapa nimetumia kisanduku cha aina nyingine, kinachoonesha orodha lakini pia kinakubali uandike lisilokuwemo. Tofauti yake ni kwamba kinahifadhi maneno yenyewe, si namba, kwa hiyo ugonjwa wa "tas" unaweza kurudi kupitia mlango huu. Nimekubali. Kila Ijumaa napitia majina mapya ya wiki na kumsomea ami.

Vyombo na zana havikunipa kazi: ngalawa, mtumbwi, dau, mashua, boti, dema, mshipi, jarife, nyavu. Bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na za maji madogo ya bahari, nimeviandika ndani ya fomu yenyewe bila jedwali, kwa kuwa havitaongezeka.

Kipimo ni orodha yake peke yake: mtungo, fungu, ndoo, kilo, mmoja mmoja. Rafiki mmoja alinishauri nigeuze mitungo yote kuwa kilo ili ijumlishike. Sitaki. Mtungo wa tasi wadogo na mtungo wa changu wakubwa havina uzito mmoja, na aliyeushika mkononi hakuupima.

Wiki ya sita

Nimeweka uhusiano kati ya majedwali. Sasa Base inakataa kufuta samaki ambaye tayari ana mistari kwenye Mavuno. Jana tu ningemfuta mmoja kwa kudhani amejirudia.

Kwa majina tuliyoacha kuyatumia nilitia safu ya ndiyo au hapana, Inatumika, kisha nikaifanya orodha ioneshe ya "ndiyo" pekee. Nikafungua ukurasa wa zamani, sehemu ya samaki ikawa tupu! Moyo ulinipiga. Data ilikuwepo; kisanduku kilikosa jina la kuonesha kwa sababu namba ile haikuwemo tena kwenye orodha iliyochujwa. Nimeondoa kichujio. Badala yake napanga kwa Inatumika kwanza, kisha kwa Jina, majina ya zamani yanashuka chini yakae huko.

Daftari nne zimekwisha. La tano kurasa zake zimegandana kwa maji ya chumvi, ami anazibandua moja moja kwa ubapa wa kisu, ananisomea nami nachagua. Leo tumefika ukurasa wa 9.