Dume Mwenye Kiwele

Juzi usiku simu ilitetemeka mezani, kuangalia ni mpwa wangu. Hakuna salamu wala "mambo vipi". Kanitumia kipande cha video tu: panya mnene wa katuni anaimba kwa sauti nzito kama ya mtu aliyekunywa maji ya pipa. Chini yake ameandika, "Anko, huyu unamkumbuka?"

Namkumbukaje sasa! Panya huyo anaitwa Biggie Cheese, na vijana wanamjua kuliko wanavyoijua filamu aliyotokea. Wamemkatakata vipande, wamembandikia maneno, wamemgeuza utani wa mtandaoni. Filamu yenyewe ni Barnyard. Ilianza kuonyeshwa Marekani Ijumaa, tarehe 4 Agosti 2006, na kesho yake mchana nilikuwa ukumbini, Columbus, Ohio, nimekaa katikati ya watoto wawili wa dada, ndoo ya bisi mapajani.

Enzi zile nilikuwa nalala kochini kwa dada.

Dada alikuwa anabeba boksi kama sisi wote, ila boksi lake lilikuwa zito zaidi: kulea wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi. Jumamosi ile alirudi, akavua viatu mlangoni, akajikalia chini palepale, mgongo ukutani, mkoba bado begani. Hakusema amechoka. Alisema, "Mdogo wangu, wapeleke hawa watoto popote. Masaa matatu tu, nifumbe macho."

Popote ikawa sinema, kwa sababu onyesho la mchana lilikuwa nafuu na ukumbi ulikuwa na kiyoyozi. Joto la Ohio mwezi wa Agosti halina adabu.

Nilienda nimeshasoma magazeti, na magazeti yalikuwa yameichana ile filamu. Kwanza watu walikuwa wamechoka. Kiangazi kile kila studio ilikuwa na wanyama wake wanaoongea. Wiki moja tu kabla walituletea sisimizi, na mwezi Mei walikuwa wametuletea wanyama wa porini wanaoiba vyakula vya watu. Sasa hawa tena, ng'ombe wa shambani, ambao mkulima akigeuka tu wanasimama kwa miguu miwili, wanacheza, wanaagiza piza. Lakini kilichowakaba wahakiki koo ni kimoja: kiwele. Shujaa wa hadithi, Otis, ni dume. Anaitwa dume, anapenda kama dume, sauti yake ni ya Kevin James. Na hapo tumboni amening'iniza kiwele cha waridi, chuchu zote zipo, kinayumba akitembea. Baba yake, Ben, ana sauti ya Sam Elliott, ile sauti ya kokoto na moshi, naye ana kiwele! Mwandishi na mwongozaji, Steve Oedekerk, aliona ni kichekesho kizuri akakiacha. Wahakiki hawakukiona kichekesho. Tovuti inayojumlisha maoni yao ilionyesha hata robo haikufika ya walioisifu.

Mimi nimekamua ng'ombe tangu nina miaka minane. Kiwele nakijua kwa viganja, najua kinavyokuwa cha moto asubuhi, najua kinavyokaza ng'ombe akishtuka. Kwa hiyo niliingia ukumbini na kicheko changu tayari, nimekuja kumcheka mzungu aliyechora ng'ombe bila kumwona ng'ombe.

Mpwa wangu alinitangulia. Alikuwa na miaka sita, na Alhamisi mama yake alikuwa amewapeleka kwenye maonyesho ya jimbo. Pale Ohio kila mwaka wanachonga ng'ombe na ndama wake kwa siagi tupu, wanawaweka nyuma ya kioo kwenye chumba cha baridi, watu wanapanga foleni kuwaangalia. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya kile kioo muda mrefu, na mama yake alikuwa amemwelezea: kile pale chini ndicho kinachotoa maziwa, ndiyo maana ndama yuko karibu na mama. Sasa Otis katokea, kasimama wima, kiwele hewani, na ukumbi umetulia kidogo tu kusubiri kichekesho kinachofuata. Mtoto akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kuita basi:

"Anko! Kwa nini baba ana maziwa?"

Ukumbi ukacheka kuliko ulivyokicheka kichekesho chenyewe. Nyuma yetu kulikuwa na mzee mmoja, kofia ya kampuni ya mbegu kichwani, mikono ile ya mtu wa shamba, amekuja na wajukuu. Akainama mpaka nikasikia harufu ya tumbaku, akamwambia mtoto, "Na mimi nauliza hivyohivyo, bwana mdogo." Nikajisikia niko kwetu. Tulikuwa watatu sasa, mimi, mtoto na mzee wa mbegu, tuliojua ng'ombe ni nini.

Ningependa filamu iishie hapo.

Lakini ile hadithi ina lindo. Kila usiku lazima mtu akae macho nje kwa ajili ya kuku, kwa sababu kuna koyoti, mbweha wale wa Marekani, wanazunguka zunguka. Ben ndiye mkubwa wa zizi, na zamu anaijua. Otis, mwanawe wa kulea, anajua pati. Usiku mmoja zamu ni ya Otis pamoja na baba yake, na ghalani kuna muziki. Otis anaanza kujing'atang'ata, baba unajua leo, unajua washikaji, na baba anamwangalia tu. Anamwachia aende. Kabla hawajaachana anamwambia habari za usiku aliomwokota akiwa ndama, peke yake, na nyota zikawa kama zinacheza. Otis anaondoka mbio kwenda kwenye pati. Ben anabaki gizani na gitaa.

Mnajua kitakachotokea. Hata watoto ukumbini walijua. Niliona jinsi walivyoacha kutafuna. Koyoti wanakuja wengi, Ben anapigana nao peke yake, kuku wanasalimika, na yeye anadondoka. Wanyama wanakuja mbio kutoka kwenye muziki wao, wamechelewa. Otis anafika, Ben anakata roho. Halafu mkulima anamzika kilimani.

Mtoto wa kike, wa miaka minne, alipanda mapajani kwangu juu ya ndoo ya bisi, akaificha sura yake kwenye fulana yangu. Huyo nilimtegemea. Wa kiume hakulia. Alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, miguu haifiki chini, mwanga wa bluu usoni, mdomo wazi. Nikamwangalia kwa pembe ya jicho kuona kama nimtoe nje. Akaanza kuongea, macho yake bado mbele, na safari hii kwa sauti ya chini.

"Alitakiwa awe kwenye lindo."

"Ndiyo."

"Otis."

"Ndiyo, Otis."

"Akaenda kwenye pati."

"Akaenda kwenye pati."

Akaingiza mkono kwenye ndoo, chini ya tumbo la mdogo wake, akatoa bisi moja. Moja. Akaila taratibu, akameza.

"Kama wewe, anko."

Hakusema kwa ubaya, ndiyo shida yenyewe. Alisema kama mtu anayelinganisha picha mbili zinazofanana, ng'ombe wa siagi na ng'ombe wa kwenye pazia.

Wiki mbili kabla ya hapo dada alipata zamu ya ziada Ijumaa usiku, yenye malipo ya nusu zaidi. Mama wa mlango wa pili, ambaye huwa anawatazama watoto, alikuwa amesafiri. Dada akaniomba nikae nao. Na mimi nilikuwa na sherehe Cleveland, gari la watu wanne limeshapangwa, shati limeshapigwa pasi. Nikajing'atang'ata, dada unajua leo, unajua washikaji. Akaniangalia tu. Akapiga simu kazini akasema hataweza. Nilidhani watoto wamelala.

Nilichomjibu mpwa wangu sikikumbuki. Nadhani sikumjibu. Nakumbuka nilivyogeuka nyuma kidogo, bila sababu, nikakutana na macho ya mzee wa mbegu, na ingawa yule mzee hakuelewa hata neno moja la Kiswahili chetu, nilikuwa na hakika kabisa kwamba ameelewa.

Iliyobaki nikaitazama kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Otis anapewa uongozi hautaki, anautaka, anawakabili koyoti. Kuna ng'ombe mjane, Daisy, anajifungua, ndama anapewa jina la Ben. Kuna wale ng'ombe wanaoiba gari, watoto walicheka mpaka wakakohoa. Kuna yule panya. Taa zilipowaka watoto walipiga makofi, ukumbi mzima, na sijawahi kuona watu wazima wanawapigia makofi ng'ombe wa kompyuta lakini siku hiyo wapo waliopiga. Wikiendi ile filamu ilishika nafasi ya pili nchi nzima, dola milioni 15 na ushee. Mpaka inaondoka kwenye kumbi za dunia ilikuwa imeingiza karibu milioni 116, na kuitengeneza iligharimu kama 51. Mwaka uliofuata wakaifanyia kipindi cha televisheni. Wahakiki wakabaki na kiwele chao.

Nyumbani dada alikuwa ameamka, kanga kifuani, anakoroga chai. "Haya, nzuri?" Nikasimama mlangoni nikisubiri mtoto aniumbue. Alieleza gari lilivyoibiwa, alieleza panya, alieleza swali lake la maziwa na watu walivyocheka, akalieleza mara mbili. Kuhusu lindo hakugusa. Sikujua ananihurumia au amesahau, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Jumapili nilikwangua kadi ya simu nikampigia mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hao watoto hawajambo?"

Nikamsimulia filamu, kwa sababu kadi za siku zile zilikuwa na dakika nyingi na sisi wawili hatukuwa na maneno mengi. Nilianza na kiwele, nikijua atacheka, na akacheka kweli, akamwita mtu wa pembeni amweleze: eti dume ana kiwele, Marekani hiyo. Nikaendelea mpaka kwa Ben. Akanyamaza. Mzee wangu alilala nje ya zizi misimu mingapi sijui, fisi wakizaliana upande wa pili wa korongo, na sisi ndani tumejifunika.

"Peke yake?" akauliza.

"Peke yake, baba."

"Na hao wengine walikuwa wapi?"

"Kwenye ngoma."

"Aa."

Akanyamaza tena, nikasikia pumzi yake na kuku wake. Halafu akauliza dada yangu anaendeleaje na ile kazi ya usiku. Nikasema anaendelea vizuri. Yule mama wa kwenye kadi akaingia na Kiingereza chake, dakika moja imebaki. Sijawahi kuishukuru kadi kuisha kama siku ile.

Mngependa niseme nilibadilika. Ijumaa mbili zilizofuata nilikaa na watoto, tukala tambi, tukalala saa sita. Ya tatu nilikuwa na udhuru, na ulikuwa udhuru wa kweli kabisa. Dada hakuniuliza upo Cleveland au wapi.

Basi juzi, panya anaimba kwenye simu, nikaona sasa ndiyo nafasi. Mtu mzima, ana ndevu, anajitegemea. Nikamwandikia: "Namkumbuka. Wewe unamkumbuka aliyekufa?"

Vidoti vikacheza muda mrefu.

"Kuna aliyekufa?"

Nikaanza kuandika. Nikaandika lindo, nikaandika Cleveland, nikaandika bisi moja, ikawa aya ndefu kama barua ya kuomba radhi kijijini. Nikaifuta yote, nikamtumia kikatuni kinachocheka. Alishanijibu kabla hakijafika.

"Nakumbuka tu yule dume alikuwa na kiwele. Anko, ile filamu walikosea sana."