Omu kwanza, wati baadaye

Mwezi uliopita shemeji yangu aliniletea gari lake hapa Kamalondo, Lubumbashi, akilalamika kwamba amplifaya yake mpya, yaani kikuza sauti cha spika, ilikuwa ikizimika kila baada ya nyimbo mbili tatu. Nilipoigusa, haikushikika kwa moto.

Amplifaya haikuwa na kosa. Fundi aliyeifunga alikuwa ameunganisha chaneli zake mbili, yaani njia zake mbili za kutoa sauti, ziwe moja, kisha akaipa spika mbili za besi, zile ambazo huku kwetu huitwa bafle, kila moja ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyozuia umeme), zikiwa sambamba, yaani kila moja ikipokea umeme kwa njia yake. Spika mbili za namna hiyo zikiwa sambamba huwa mzigo wa omu 2, na kwa kuwa chaneli zilizounganishwa hugawana mzigo, kila chaneli ilikuwa ikiona omu 1 tu. Karatasi ya mtengenezaji ilieleza wazi kwamba katika hali hiyo mzigo usipungue omu 4. Ukinzani ukipungua kwa nusu huku volti zikibaki zilezile, mkondo wa umeme huwa maradufu, na joto hupanda mpaka kinga ya ndani ikate umeme.

Nilizifunga upya spika zile kwa mfululizo, umeme ukipita moja kisha nyingine, zikawa omu 8. Shemeji alihofia kwamba nimempunguzia nguvu, na hofu hiyo nakutana nayo mara nyingi. Karatasi iliahidi wati 100 kwa kila chaneli yenye omu 4. Chaneli mbili zikiunganishwa juu ya omu 8, kila moja huona omu 4, hivyo pamoja hutoa takriban wati 200, yaani 100 kwa kila spika, sawasawa na ambavyo kila moja ingepata kwenye chaneli yake yenyewe.

Nazungumzia wati za kudumu, si zile za kilele, za kitambo kifupi tu, zinazopamba maboksi. Redio ya gari isiyo na amplifaya ya nje, ikitegemea volti 14.4 injini inapowaka, haiwezi kutoa sauti safi ya zaidi ya wati 26 hivi kwa spika ya omu 4, hata boksi likiandika 50.

Kabla ya kufunga chochote, pimeni spika kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Ile ya omu 4 kwa kawaida huonyesha kati ya 3.2 na 3.6, kwa sababu kipimo hicho husoma ukinzani wa koili peke yake. Ikionyesha 1.8, mnaishika spika ya omu 2, au koili imeungua.